Kabla ya Kung'oa Paa la Asbesto: Mambo ya Kuzingatia

Paa la asbesto lililo zima, lisiloguswa, hutoa vumbi kidogo sana. Hatari kubwa huja siku fundi anapopanda na nyundo, kwa hiyo maandalizi yakamilike kabla hajapanda.

Jiridhishe kwanza kama ni asbesto kweli. Yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, yanayovunjika kama chungu, yaliezekwa sana kwenye shule na nyumba za serikali. Asbesto ni madini yenye nyuzi. Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya kuchanganya saruji na nyuzi hizo mwaka 1901, na dunia ikayapenda mabati hayo kwa sababu hayashiki moto wala kutu. Kwa macho huwezi kuyatofautisha na mabati ya saruji ya sasa yasiyo na asbesto. Maabara ndiyo hutoa jibu. Kama hujapima na nyumba ni ya zamani, chukulia kwamba ni yenyewe.

Pili, ujue mabati yatapelekwa wapi. Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto kwenye taka hatari, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo ya kuulizwa. Tanzania anza na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mkandarasi akikwambia "hilo tutaliona mbele ya safari", tafuta mwingine. Jaa la mtaa si jibu.

Watu wengi hubishia suala la vumbi, kwa sababu aliyelivuta leo kesho yuko kazini kama kawaida. Nyuzi za asbesto hupasuka kwa urefu, zikawa nyembamba kiasi cha kutoonekana, na zikifika ndani ya mapafu mwili hauwezi kuziyeyusha. Kovu la mapafu, saratani ya mapafu na mezothelioma, yaani saratani ya utando unaoyafunika, huweza kujitokeza baada ya miaka 20, hata 40. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa mezothelioma huko Afrika Kusini, na baadhi yao hawakuwahi kuchimba asbesto. Waliishi tu jirani na machimbo. Nchi hiyo ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008. Anayevuta sigara yuko hatarini zaidi kwa saratani ya mapafu.

Kwa hiyo barakoa ya kitambaa au ya hospitali haifai kitu. Inatakiwa yenye chujio la P3, yaani la daraja la juu la kuzuia vumbi, ikibana uso vizuri, na ndevu huifanya isishike uso. Andaa maji yenye sabuni kidogo ya kulowesha mabati, spana za kufungulia boliti badala ya kuyavunja, na nailoni nene ya kuyafunga tabaka mbili. Grenda, msumeno na ufagio mkavu visiwepo. Mabati yashushwe kwa mikono, yasirushwe.

Tena mabati haya hayabebi mtu. Fundi akanyage mbao zilizolazwa juu ya kenchi, maana kudondoka huua siku hiyohiyo, bila kusubiri miaka 20.

Watoto wahamishwe hadi usafi wa kitambaa kibichi uishe. Ovaroli zisiende nyumbani: wapo wake wa wafanyakazi waliougua kwa kufua tu nguo za waume zao.

Majirani nao watakuja kuomba vipande vya kuezekea banda la kuku. Wakatalie, hata vikiwa vizima.