Somo: Linux inavyovifanya vifaa kuwa mafaili

Wakuu, leo tunaingia kwenye folda ya /dev. Wazo lake ni la Unix ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970: programu inafungua jina la kifaa, inasoma au inaandika, basi.

Hatua ya 1. Kwenye terminali andika:

ls -l /dev/sda /dev/null

brw-rw---- 1 root disk 8, 0 … /dev/sda
crw-rw-rw- 1 root root 1, 3 … /dev/null

/dev/sda ni diski ya kompyuta, /dev/null ni kifaa kinachomeza chochote unachokiandikia. Tazama herufi ya kwanza kushoto. b ni kifaa cha bloku: kinasomwa kwa mafungu, na unaweza kurukia fungu lolote. c ni kifaa ambacho data yake hupita mfululizo, kama maji bombani.

Sasa tulia hapa. Faili la kawaida lingeonyesha ukubwa, lakini hapa kuna namba mbili. 8 inaiambia kerneli (kiini cha Linux) iite draiva gani, yaani programu inayoendesha kifaa. 0 inasema ni kifaa kipi cha draiva hiyo. /dev/sda1 ni 8, 1. Ndani ya faili hamna kitu kingine. Jina ni letu sisi, kerneli inafuata namba.

Hatua ya 2. Andika sudo cat /dev/input/mice, kisha sogeza kipanya. Herufi za ajabu zitamwagika: ni baiti tatu tatu kwa kila msogeo. Ctrl+C kusimamisha.

Hatua ya 3. Andika lsblk (inaorodhesha diski), chomeka flashi, rudia. Jina jipya, mfano sdb, ndiyo flashi yako.

Tafadhali, ukitumia dd (amri ya kunakili data moja kwa moja kwenye kifaa) soma jina mara mbili. Niliwahi kuandika sda badala ya sdb, picha zote za harusi ya dada yangu zikaenda.

MASWALI

— Mkuu, nikifuta /dev/sdb data inapotea?
Hapana, umefuta jina tu. Chomoa flashi, chomeka tena, litarudi.

— Mbona kadi ya WiFi siioni humo?
Kadi za mtandao hazina faili kwenye /dev, programu huzifikia kwa soketi, yaani njia ya kerneli ya kuwasiliana kupitia mtandao. Tumia ip link.

— Mwalimu, Arduino yangu (bodi ndogo ya elektroniki) kwenye Ubuntu inakataa, "Permission denied" kwenye /dev/ttyUSB0.
Faili hilo ni la kundi la dialout, na wewe humo haumo. Andika sudo usermod -aG dialout $USER, toka kwenye akaunti, ingia upya.

— Imekubali, mkuu. Asante sana.