Kufundisha kuandika programu kwenye kompyuta za shule zenye vizuizi: mambo ya kuzingatia kabla

Usichague lugha ya kufundishia kabla hujaketi mbele ya kompyuta yenyewe. Wanaojitolea kufundisha programu kwenye sekondari za Moshi mjini, au za huko juu Kibosho na Marangu, mara nyingi hufika na somo la lugha ya Python lililonyooka kabisa kwenye laptopu zao. Jumamosi ya kwanza ndipo wanapogundua kwamba akaunti ya mwanafunzi haikubali kusakinisha chochote, flashi haisomeki, na paswedi ya msimamizi anayo fundi aliyefunga maabara zamani, ambaye namba yake haipatikani.

Kwa hiyo nenda mapema, siku ya kazi. Pita kwa mkuu wa shule kwanza, ndipo uende kwa mwalimu wa Tehama. Ukimfikia, mwombe jambo moja: "Mwalimu, naomba nijaribu kwa akaunti ile ile wanayotumia wanafunzi, si ya kwako." Kwenye akaunti yake kila kitu kitafunguka na utaondoka umeridhika bure. Ukikuta kizuizi, usitafute ujanja wa kukiruka. Kiliwekwa kwa sababu: kompyuta chache zinazogombewa na darasa zima haziwezi kuachiwa virusi vya flashi, vile vinavyoficha mafolda yote na kuacha njia za mkato (shortcut) mahali pake. Mwalimu ndiye atakayebaki kusafisha wewe ukishapanda daladala. Mweleze unachohitaji, akufungulie yeye mwenyewe, au mpange njia nyingine.

Ukiwa hapo, angalia toleo la Windows, kama ni ya biti 32 au 64, na ukubwa wa RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Windows 7 bado ipo kwenye maabara nyingi ingawa Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, na hapo Python ya mwisho kukubali ni 3.8. Kuanzia 3.9 na kuendelea haisakiniki. Thonny, kihariri kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza, huja na Python yake ndani, na lipo toleo lenye Python 3.8 ya biti 32 linalofaa mashine hizo, hata la kunakili tu kwenye folda bila kusakinisha. Ila shule nyingine zimezuia programu yoyote isiyokuwa kwenye folda rasmi za Windows, na hapo hata la kunakili halitafunguka. Kuna pia ile zipu ndogo ya Python isiyohitaji kusakinishwa. Inavutia kwa wepesi wake, lakini haina tkinter, sehemu ya Python inayofungua madirisha ya kuchorea, kwa hiyo kama ulipanga kuwachoresha watoto kwa kobe wa turtle, kobe hatatembea. Scratch, ile ya kupanga programu kwa vipande vya rangi badala ya kuchapa, ina menyu za Kiswahili na watoto wa kidato cha kwanza huipenda, lakini toleo la sasa la kusakinisha linataka Windows 10. Kwa mashine dhaifu tafuta lile la zamani, 1.4.

Kabla hujanyanyuka fanya jaribio hili dogo: hifadhi faili kwenye deskitopu, zima kompyuta, iwashe tena. Kama faili limetoweka, mashine ina programu kama Deep Freeze inayorudisha kila kitu kilivyokuwa. Ni nzuri kwa shule, lakini kazi ya wanafunzi itayeyuka kila wiki. Muulize mwalimu kama kuna sehemu ya diski iliyoachwa wazi. Ikikosekana, kila mwanafunzi awe na daftari la kunakili programu yake kwa mkono. Mimi hulitaka hilo daftari hata pale faili zinapobaki, maana anayenakili kwa kalamu huiona nukta pacha aliyoisahau.

Kibodi ndizo watu hawazifikirii kabisa, na ndizo zinazokula nusu ya kipindi cha kwanza. Kompyuta nyingi za msaada zimetoka Uingereza zikiwa na kibodi za huko, kisha Windows ikawekwa mpangilio wa Marekani. Mwanafunzi anaona alama ya kunukuu juu ya 2, anabonyeza Shift na 2, inatoka @. Anafuta, anarudia, inatoka @ ile ile, na kwenye skrini inabaki print(@Habari@). Anaanza kuamini kwamba yeye ndiye hajui. Alama anayoitaka iko pale palipoandikwa @, na # iko juu ya 3 palipoandikwa alama ya pauni. Kama mpangilio haubadilishiki kwa akaunti yao, chora kibodi ubaoni kabla hawajagusa chochote. Pitia pia herufi zilizofutika na vitufe vilivyokufa, hasa mabano.

Sasa, kama milango yote imefungwa, bado una Notepad na kivinjari, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia hata kwenye maabara iliyo wazi. JavaScript, lugha ambayo kivinjari chenyewe huielewa, haihitaji kusakinishwa wala intaneti. Andika mistari mitatu ndani ya alama za <script> na </script>, hifadhi, bofya mara mbili, inafanya kazi. Mtego uko kwenye kuhifadhi: Notepad huongeza .txt kimyakimya, na kwa kuwa Windows huficha viishio vya majina ya faili, mwanafunzi anaona somo.html kumbe ni somo.html.txt, na ukurasa haufunguki kama ukurasa. Wafundishe kuandika jina la faili ndani ya alama za kunukuu wakati wa kuhifadhi, "somo.html", na Notepad italiacha lilivyo. Kama kivinjari ni Internet Explorer, tumia var kutangaza vigeu, na alama ya kujumlisha kuunganisha maneno, maana haielewi baadhi ya maandishi mapya ya lugha hiyo.

Mfano wako wa kwanza uujaribu hapo hapo. Ukiwaambia waulize umri kwa prompt, amri ya JavaScript inayofungua kisanduku cha kujibia, kisha waongeze moja ili kupata umri wa mwakani, mwenye miaka 15 ataambiwa atafikisha 151. Darasa zima litaangua kicheko, na hapo umepata mlango wa kueleza tofauti ya namba na maandishi, kwa sababu prompt hurudisha maandishi. Lakini ujue jibu kabla hawajakuuliza.

Intaneti usiitegemee, bando la simu yako haliwezi kugawanywa kwa chumba kizima. Hata ikiwepo, tazama saa ya kila kompyuta, kwa sababu betri ndogo ya ubao mama ikifa tarehe hurudi miaka nyuma na kivinjari hukataa tovuti nyingi kwa madai kwamba si salama. Kuhusu umeme, uliza kama kuna UPS, betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Kama hakuna, wazoeshe kuhifadhi kila baada ya mistari miwili mitatu, na uwe na kipindi kizima cha ubaoni mkononi, cha kufuatilia programu kwa kichwa na kutabiri itatoa nini. Wanafunzi wawili kwa kompyuta moja inatosha, mmoja anachapa na mwenzake anasoma, wakibadilishana. Watatu, wa tatu huanza kuchungulia dirishani.

Ulizia pia ufunguo wa maabara uko kwa nani siku za Jumamosi, na mlinzi wa getini awe amepewa jina lako. Mwenye ufunguo akiwa amekwenda msibani Rombo, hakuna kipindi. Omba namba za watu wawili.