Kufunga Kidonda kwa Asali

Asali ya Baringo inayouzwa mjini Nakuru ni tamu katika uji, lakini kwa kidonda kilicho wazi napendelea asali ya tiba iliyotakaswa kwa mionzi ya gama, kwa kuwa asali mbichi huweza kubeba vijidudu ambavyo kuichuja hakuviondoi.

Osha mikono kwa sabuni, kisha safisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikiwa umeungua, tangulia kupoza mahali hapo kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Paka asali kwenye shashi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) badala ya kuimimina kidondani, kwani joto la mwili huilainisha ikachuruzika. Funika kwa shashi nyingine kavu, kisha ufunge bendeji bila kukaza. Usiipashe asali moto, maana joto huharibu kimeng'enya kinachozalisha haidrojeni peroksaidi, ambayo, pamoja na sukari nyingi na uchachu wa asali, huwazuia bakteria kustawi.

Siku ya kwanza utaona bendeji imelowa chepechepe, kwa sababu sukari huvuta majimaji kutoka kidondani. Ibadilishe kila inapolowa. Baadaye mara moja kwa siku hutosha. Shashi ikiganda, ilowanishe kwanza, usiibandue kwa nguvu.

Aliyekatwa na jembe au kuchomwa na msumari anahitaji pia kuulizia sindano ya pepopunda. Kidonda chenye kina kirefu, chenye usaha, au cha mguu wa mgonjwa wa kisukari kipelekwe hospitalini siku hiyohiyo, na mwenye mzio wa asali asiitumie kabisa.