Sabufa Inakoroma? Tafuta Ndala na Rula

Sabufa nyingi ninazoletewa hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa kosa la kukoroma ni nzima kabisa. Kinachokoroma ni kabati: milango ya vioo, vikombe vya wageni juu, na sabufa imechomekwa humo humo. Ukifungulia muziki, mbao na vioo vinaitikia.

Kabla hujatoa hata mia, weka wimbo wenye besi nzito kwa sauti uliyoizoea, kisha pitisha kiganja kwenye kabati, vioo na meza. Pale unapokandamiza na mkoromo ukakata, ndipo penye tatizo. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi, na zege haitikisiki kirahisi. Kwa hiyo toa sabufa kabatini uiweke chini, isogee kidogo kutoka kwenye kona, maana kona huongeza besi. Wengi wanapona hapo hapo, na fundi anakosa hela.

Kama chumba ni kimoja na spika lazima zikae juu ya meza, kata ndala. Chukua zile za sponji, si katambuga. Mpira wa tairi ni mgumu mno kwa spika nyepesi. Weka kipande kila kona, lakini usiamini unene. Kinachozuia mtetemo ni kiasi ambacho mpira unabonyea ukibeba mzigo, na hicho ndicho cha kupima kwa rula: kimo cha kipande kikiwa kitupu, halafu kikiwa chini ya spika. Kikibonyea milimita 1, spika juu ya mpira wake ina mdundo wa asili wa hezi 16 hivi, yaani ukiisukuma hudunda yenyewe mara 16 kwa sekunde. Milimita 4, hezi 8. Mpira huanza kuzuia pale hezi za sauti zinapopita mara 1.4 ya namba hiyo, na chini ya hapo hausaidii, tena karibu na namba yenyewe unazidisha mtikisiko. Mpira wenyewe huwa mgumu zaidi ukitikiswa haraka, ndiyo maana mimi hulenga milimita 2 kwa besi ya hezi 40.

Kipande cha sentimita tatu kwa tatu huenda kisibonyee kabisa. Kipunguze, punguza tena, au pandisha viwili. Sponji ya godoro nayo inalala yote, na ikishalala ni sawa na kuweka ubao. Baada ya miezi kadhaa ndala hubaki bapa. Pima upya, ubadilishe.

Wenye mashine ya santuri wana kazi ya ziada, hasa walio karibu na barabara ya maroli ya Tunduma. Mkono wa sindano una mdundo wake, kwa kawaida hezi 8 hadi 12, kwa hiyo kitako cha mashine lazima kicheze chini ya hapo. Muombe fundi baiskeli tyubu kuukuu ya baiskeli ya mtoto, ilaze juu ya meza, ijaze upepo kidogo tu, kisha weka ubao mzito wa paini, na mashine juu yake. Paini ya Mafinga inatosha, na ukiongezea tailsi moja juu ni bora zaidi. Bonyeza ubao, uachie. Ukidunda taratibu kiasi kwamba jicho linaufuata, mara tatu au nne kwa sekunde, umepata. Ukidunda haraka haraka, punguza upepo. Weka pimamaji juu ya sahani inayozungusha santuri, siyo juu ya ubao. Baridi ya Juni na Julai hupunguza upepo kwenye tyubu, basi ukague tena.

Amplifaya ya transista iache ilipo, haina cha kutikisika. Na jirani asitegemee ndala: sauti inayopita hewani na kwenye silingibodi haizuiliwi na mpira wa chini.

Mwisho, legeza nyaya. Waya uliokazwa kutoka ukutani hadi kwenye mashine hubeba mtetemo na kuupitisha juu ya tyubu yako.