Mbolea ya ruzuku: anza kuitafuta mahindi yakiwa bado ndani

Msimu wa 2022 nilikosa mbolea ya ruzuku na jina langu limo kwenye daftari la kijiji. Nalima ekari mbili za mahindi huku Songea vijijini. Siku ya kuandikishwa laini yangu ilikuwa imefungwa, nikatoa namba ya mwanangu aliyeko Dar es Salaam. Ujumbe wenye namba ya mkulima ukaenda kwake, akadhani ni matangazo, akaufuta. Nikapanda bila DAP, mbolea ya kupandia.

Kwa hiyo anza na simu. Laini iwe yako, na iwe hewani. Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaandikishwe Juni au Julai, kabla foleni haijawa ya watu wote. Aliyeandikwa miaka ya nyuma naye aende kuhuisha taarifa zake. Taja ekari unazolima kweli. Na akina mama wenzangu: kama una kipande chako cha kukodi, andikwa wewe, maana mbolea iliyoandikwa kwa jina la baba mara nyingi huishia kwenye shamba la baba.

Sasa hela, na hapa ndipo wengi tunapokwama. Ruzuku ilipozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane 2022, mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa umevuka laki moja ulishushwa hadi 70,000. Nafuu kubwa, lakini 70,000 hizo ni zako kuzitafuta. Wenye umri wangu mnazikumbuka vocha zilizoanza 2008: wapo waliouza vocha kwa hela ya chumvi kwa kuwa hawakuwa na hela ya kujazia bei ya mfuko. Novemba mkulima hana kitu. Ndiyo maana wengine huuza mahindi yakiwa bado shambani, kama jirani zetu wa Mbinga na magoma, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini.

Piga hesabu mapema. Ekari moja, mashimo ya sentimita 75 kwa 60, ni kama mashimo 9,000. Kila shimo linapata kizibo kimoja cha soda cha DAP, karibu gramu 5, hivyo unatumia kilo 45, yaani mfuko mmoja na unabakiza kidogo. Mahindi yakifika magotini, mfuko wa urea wa kukuzia. Kwa bei ile ya 2022, 70,000 kila mfuko, ni 140,000 kwa ekari. Mimi natenga magunia ya mahindi ya kununulia mbolea siku ileile ya kupukuchua, nayauza peke yake, na hela yake haiguswi hata kwa ada ya shule. (Nimeshagombana na ndugu kwa ajili hiyo. Tulipatana.)

Ukitaka kuuzia NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Nyumbani hatuna kipimo, lakini kwa kukisia tu chukua chupa ya kioo kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa vizuri. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Kwa wakala wa mbolea, uliza bei elekezi ya wilaya yako kabla hujatoa pochi. Angalia mshono wa mfuko, dai risiti, na hakikisha idadi iliyoingizwa kwenye namba yako ndiyo uliyobeba. Mwaka mmoja nilichukua mfuko mmoja, nikaandikiwa miwili. Nilisimama palepale hadi ikarekebishwa, wateja nyuma yangu wakinung'unika. Namba yako usimwazime mtu, hata shemeji.

Ukifika nyumbani, panga mifuko juu ya vipande vya miti vilivyolazwa sakafuni, mbali na ukuta na mbali na mbegu. Urea inavuta maji hata hewani. Yangu ya msimu uliopita niliilaza sakafuni wiki tatu, ikawa jiwe, nikaiponda kwa mchi asubuhi nzima kabla ya kwenda kukuzia.