Namna ya kuandika tukio linalokurudia kichwani

Ajali ya basi ilikwisha miaka saba iliyopita, lakini mlio wa breki barabarani bado unakurusha kitini. Chanzo ni sehemu mbili za ubongo zilizo jirani, ndani ya kichwa, karibu na usawa wa masikio. Amigdala, yenye umbo la lozi, hupiga kengele ya hatari. Hipokampasi hupanga tukio: wapi, lini, nini kilitangulia. Kwenye kishindo adrenalini, homoni ya hatari, hupanda, na amigdala husababisha tukio lichorwe kwa wino mzito. Msongo ukipita kiasi, hipokampasi huenda ikalemewa. Hubaki harufu, sauti na vipande vya picha vilivyokolea, ila havina tarehe. Zoezi lifuatalo ni la kuvipa tarehe na mpangilio.

Tenga siku nne mfululizo, dakika 15 hadi 20 kila siku, kwa saa ya kengele. Tumia daftari na kalamu. Simu iwe chumba kingine. Jioni ni sawa, mradi umalize saa mbili hivi kabla ya kulala. Andika kwa lugha uliyokulia, hata kama kazini unatumia nyingine, kwa kuwa ndiyo inayogusa ndani. Usijali tahajia. Hakuna atakayesoma.

Siku ya kwanza andika yaliyotokea pamoja na ulivyojisikia. Vyote viwili. Wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walijaribu jambo hili kwa wanafunzi nchini Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1986: walioandika tukio pamoja na hisia walitoka na huzuni, lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Walioandika matukio matupu hawakupata nafuu hiyo. Majaribio yaliyofuata yameonyesha kuwa kwa wastani faida ni ndogo, kwa hiyo usingoje muujiza.

Siku ya pili, ita hisia kwa majina yake. "Nilijisikia vibaya" ni gunia. Limwage uone kilichomo. Kinyongo kina mtu kinayemlenga. Majuto yanakurudia wewe mwenyewe. Fedheha inahitaji macho ya watu, ilhali aibu yaweza kukupata ukiwa peke yako gizani. Hofu na wasiwasi navyo si kitu kimoja. Kazi hii ina msingi: mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa wanatazama nyuso zenye hisia. Walipochagua neno la kuitaja hisia, amigdala yao ilitulia kiasi na sehemu ya mbele ya ubongo ikaamka.

Siku ya tatu, panga. Hapa Kiswahili kinakusaidia bure: anza na -li-, kisha endelea na -ka-. "Nilisikia kishindo, nikashika kiti, nikamwita dada." Kiambishi hicho kinakulazimisha kuamua kipi kilitangulia. Ukijikuta unaandika kwa -na-, "naona damu, nasikia kelele", umerudi ndani ya basi; rudia sentensi hiyo kwa wakati uliopita. Palipo na pengo, acha pengo. Kumbukumbu ikiitwa hulegea, kisha hukazwa upya: mtafiti Karim Nader na wenzake walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2000. Chumvi utakayotia leo yaweza kukazwa pamoja nayo.

Siku ya nne, tafuta "kwa sababu" na "sasa naelewa kwamba". Tatizo linalojitokeza sana ni kurasa za siku ya nne kufanana na za kwanza, malalamiko yaleyale neno kwa neno. Huko ni kucheua, na kucheua hutonesha kidonda. Badili nafsi: jiandike kama "yeye", ueleze kama jirani aliyeshuhudia.

Kushuka moyo kwa saa moja au mbili baada ya kuandika ni kawaida. Nawa uso, tembea kidogo. Ukiganda katikati ya zoezi, weka kalamu chini, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja kwa sauti siku na tarehe ya leo.

Usianze kama tukio ni la juzi. Kumsukuma mtu asimulie kila kitu mara tu baada ya ajali hakujaonekana kuzuia kiwewe, na kwa wengine huenda kukazidisha. Usianze pia kama anayekuumiza bado mnaishi naye, maana daftari laweza kukusaliti. Jinamizi, kukwepa njia fulani na kushtuka ovyo vikizidi mwezi mmoja na kuvuruga kazi, nenda kwenye kliniki ya afya ya akili hospitalini. Mawazo ya kujiua yakija, nenda siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Karatasi zenyewe hazina kazi tena baada ya siku ya nne. Zichane, zichome, au zifungie sandukuni. Kuzisoma upya si sehemu ya zoezi.