Kabla hujajiandikisha cheti cha ufundi wa mashine, piga hesabu hii kwanza

Hapa Kentucky haipiti wiki bila mtu kunipigia simu, wengi ni ndugu zetu Wakongo wa Lexington na Louisville, swali ni moja: hiki cheti cha mashine cha komyuniti koleji kinalipa kweli au napoteza muda? Mimi nawaambia usianze na ada, anza na kiwanda.

Yaani hivi. Kabla hujajaza fomu yoyote, chagua viwanda vitano unavyoweza kufika kwa gari bila kuteseka, soma matangazo yao ya kazi, halafu nenda mwenyewe HR uulize mambo mawili tu, mwenye cheti hiki anaanza na dola ngapi kwa saa na asiye nacho anaanza na ngapi. Wakikwambia ni sawa tu basi hapo kwenu hakina faida hata kama ni cha bure. Mimi nilisoma kwanza nikauliza baadaye, cheti changu cha kwanza kilikuwa cha uzalishaji kwa ujumla na viwanda vya karibu havikukijali kabisa, ikabidi nirudi darasani kusomea CNC, yaani mashine za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta. Mwaka mzima ulikwenda hivyo, na inaniuma mpaka leo.

Sasa hesabu yenyewe. Watu wengi wanaangalia ada peke yake wakati kinachokula hela zaidi ni ovataimu utakayoiacha. Tuseme uko wearhausi kwa dola 18 kwa saa na kila wiki unapiga saa 10 za ovataimu, hizo ni dola 27 kwa saa. Ukiziacha wiki 32 za masomo umepoteza 8,640. Weka ada, tuseme 3,000, weka vitabu, buti za chuma na kalipa ya kupimia, tuseme 600. Jumla 12,240. Ukitoka hapo ukapata kazi ya 22 kwa saa, nyongeza ni dola 4, mara saa 2,080 za mwaka ni 8,320 kabla ya kodi. Kwa hiyo hela yako inarudi baada ya mwaka na nusu hivi. Weka namba zako wewe, sio zangu, na kama inachukua zaidi ya miaka mitatu mimi binafsi nisingeenda.

Ada ndiyo sehemu rahisi kupunguza. Jaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia masomo, ni bure, mtu asikutoze hata senti. Mkimbizi, aliyepewa asailamu na mwenye grini kadi wote wanaruhusiwa kuomba Pell Grant, ruzuku ya masomo ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, na kwa mwaka wa masomo 2025-26 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, hela ambayo hurudishi kama umemaliza vizuri. Ila Pell ina kikomo cha kama semesta 12 za masomo ya kutwa kwa maisha yako yote, usiichome kwenye kozi uliyoichagua kwa sababu rafiki yako yupo. Na kama tayari uko kiwandani waulize kama wanalipia masomo, mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi ya serikali kuu, na watu wetu wengi hawajui kwa sababu hawajawahi kuuliza. Kuna pia programu za FAME zilizoanzia hukuhuku Kentucky na Toyota mwaka 2010, unasoma siku mbili unafanya kazi siku tatu na unalipwa, ukiipata hiyo ile hesabu ya ovataimu inabadilika kabisa.

Uliza pia kozi ina krediti au haina. Yenye krediti utaiendeleza baadaye mpaka digrii ya miaka miwili, isiyo na krediti mara nyingi inaishia hapohapo. Kozi fupi za wiki 8 hadi 14 zilikuwa nje ya Pell, sheria mpya inaziruhusu kuanzia Julai 1, 2026, lakini sio kila kozi itapita kwa hiyo uliza chuo kabla hujalipa.

Halafu nenda uione karakana kwa macho yako. Angalia kama wanafunzi wanashika mashine au wanatazama skrini tu. Kwenye intavyuu yangu supavaiza hakugusa cheti, aliweka mezani kipande cha chuma cha mviringo, mchoro unasema inchi 0.750, ruhusa juu au chini ni 0.001, akanisogezea maikromita, kile kifaa cha kupimia unene. Nikakifuta mafuta kwanza, nikazungusha taratibu mpaka ikalia kli-kli, nikasoma 0.7514, nikamwambia hiki kimezidi. Akaitikia kwa kichwa na tukaanza kuongea mshahara. Kile kipimo nilikirudia darasani mara mia, na hicho ndicho ulichoendea kulipia.

Kingereza kisikutishe sana, lugha ya mchoro ni namba na alama, ila hesabu za pembe jipange nazo mapema.

Na ukishaanza, shifti ikibadilika usiache darasa kimyakimya. Ukitoka kabla ya asilimia 60 ya semesta sehemu ya ile Pell inaweza kurudishwa na chuo kikakudai wewe, kwa hiyo pita kwanza ofisi ya msaada wa fedha, siku hiyohiyo.